Barua kwa Mhariri: Kompyuta ya zamani ipimwe umeme kwanza, ndipo iwashwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka katika ukurasa wenu wa teknolojia kuhusu kompyuta za nyumbani za miaka ya 1970 na 1980. Mwandishi alifanya jambo jema kuwakumbusha wasomaji kwamba mashine hizo bado zinaweza kufanya kazi, na nilifurahi kuona Commodore 64 na ZX Spectrum zikitajwa kwa heshima katika gazeti linalosomwa na watu wengi. Hata hivyo, makala hiyo ilitoa mashauri ambayo msomaji akiyafuata kama yalivyoandikwa ataiua mashine ileile aliyotaka kuiokoa: kwamba aichomeke kwenye umeme aone kama inawaka, kwamba ganda lake lililogeuka manjano aliloweke katika dawa ya kulingʼarisha, na kwamba mambo yakishindikana atoe kila kilichomo ndani na kupachika bodi ya kisasa. Shauri la kwanza ndilo baya kuliko yote, nami nitaanza nalo, kwa sababu madhara yake hayamsubiri mtu ajifunze.

Tuchukue Commodore 64 yenyewe, iliyotoka mwaka 1982 ikauzwa kwa mamilioni. Adapta yake hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Zile volti 5 huingia moja kwa moja kwenye chipu za kumbukumbu, bila kinga yoyote ya kuzizuia zikizidi. Kinachozishikilia zisipande ni kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya adapta, na katika adapta nyingi za asili kidhibiti hicho kimezikwa pamoja na vifaa vingine ndani ya gundi ngumu ambayo hairuhusu joto kutoka wala fundi kuingia. Kidhibiti huchemka mwaka hadi mwaka, huchoka, na hapo ndipo penye balaa: kikiharibika, mara nyingi hakizimi umeme bali huuachia upande. Mtu anayesema kwamba adapta ni nzima kwa sababu taa ya mashine inawaka hajajua lolote kuhusu adapta hiyo.

Hivi majuzi nililetewa mashine ya aina hiyo na mtu aliyeirithi kwa mjomba wake, naye kwa bahati njema alikuwa hajaichomeka. Niliiweka mashine kando, nikachomeka adapta peke yake, nikashika ncha za mita kwenye pini za plagi yake ya mviringo. Mwanzoni mita ilisoma volti 5.1, kiasi ambacho hakuna fundi angekilalamikia. Adapta ilipopata joto namba zikaanza kupanda polepole, 5.3, kisha 5.5, na kabla ya nusu saa kwisha zilikuwa zimefika 5.9. Aliyepima kwa dakika moja angeridhika, angeunganisha, angeiona ile skrini ya buluu ikitokea, angefurahi, na chipu zingeanza kufa moja baada ya nyingine huku yeye akitafuta kaseti ya kuchezea. Chipu za jamii hii zilitengenezwa kwa volti 5, na kiwango kinachovumilika ni kati ya 4.75 na 5.25. Adapta inayovuka kiwango hicho isiunganishwe na mashine hata kwa kujaribu, na kwa maoni yangu hata ile inayopima vizuri leo ibadilishwe kwa adapta mpya, ambazo bado zinatengenezwa kwa ajili ya mashine hii, kwa kuwa adapta ni kitu cha kununulika ilhali chipu za Commodore hazitengenezwi tena, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1994.

Kwa ZX Spectrum hatari iko kwingine. Makala ilisema kwamba adapta yoyote ya volti 9 itafaa, na hilo si kweli hata kidogo. Katika plagi ya Spectrum ncha ya katikati ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi ambazo katikati yake ni chanya, kwa hiyo adapta ya kuokoteza yenye volti zilezile hupeleka umeme kinyumenyume. Zaidi ya hapo, kilobaiti 16 za kwanza za kumbukumbu ya mashine hii zimo kwenye chipu nane za aina ya 4116, ambazo zinahitaji umeme wa volti tatu tofauti kwa pamoja: 5, 12 na hasi 5. Hizo 12 na hasi 5 hutengenezwa na saketi ndogo ya koili na transista iliyomo kwenye bodi yenyewe, na transista ambayo mafundi wote wa Spectrum wanaijua kwa jina la TR4 ndiyo hufa mara kwa mara. Hasi 5 ikitoweka huku 12 ikiendelea kuwapo, chipu za kumbukumbu huungua, na chipu iliyoungua nayo huweza kuiua tena transista uliyoibadilisha jana. Ndiyo maana mtu anayeona michirizi ya rangi kwenye skrini akakimbilia kununua kumbukumbu mpya, bila kwanza kupima volti zote tatu, hujikuta amezichoma zile mpya pia.

BBC Micro, iliyotengenezwa na Acorn kuanzia mwaka 1981, ina ugonjwa wake unaotisha zaidi kwa macho kuliko kwa madhara. Ndani ya sehemu yake ya kugawa umeme kuna kapasita, yaani vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji, za kuchuja kelele za umeme wa ukutani, zilizotengenezwa kwa karatasi ndani ya plastiki angavu. Plastiki hiyo hupata nyufa nyembamba kadiri inavyozeeka, unyevu wa hewani ukaingia, na siku mashine inapowashwa kapasita hupasuka na kutoa moshi mzito wenye harufu inayokaa chumbani siku nzima. Kompyuta za Apple II nyingi zina kapasita za aina hiyohiyo. Mara nyingi mashine yenyewe hupona, lakini anayeshuhudia moshi huo kwa mara ya kwanza huitupa akidhani imekwisha. Kapasita hizo hubadilishwa kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imechomolewa ukutani, na fundi akiwa amehakikisha kwa mita kwamba kapasita kubwa za ndani hazijashikilia umeme. Asiyewahi kufungua kifaa cha umeme wa ukutani asianzie hapo, ampe anayejua. Na kuhusu skrini za chogo zilizokuja na baadhi ya mashine hizi nasema neno moja tu: bomba la skrini huhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo asiyefundishwa namna ya kuliondolea chaji asilifungue kabisa.

Kwa sababu hizo, Mhariri, naona sahihisho kuhusu adapta linastahili kuchapishwa mapema iwezekanavyo, hata kama mengine katika barua hii mtaona si ya lazima. Huenda wapo wasomaji ambao tayari wameitoa mashine darini wakingoja siku ya mapumziko waijaribu.

Jambo la pili ambalo makala ililiruka ni betri. Kompyuta za kwanza kabisa za nyumbani hazikuwa na betri ndani, lakini zilizofuata zilikuwa nazo kwa ajili ya kutunza saa, na betri hizo leo zinaua mashine nyingi hata zile zisizoguswa na mtu. Amiga 500 ya kampuni ya Commodore ilitoka mwaka 1987 ikiwa na kilobaiti 512 za kumbukumbu na mlango mdogo chini yake wa kuongezea nyingine. Kadi nyingi za kuongeza kumbukumbu zilizoingizwa kwenye mlango huo zilikuwa na betri ya nikeli na kadimiamu iliyolehemewa hapohapo kwenye kadi. Fungua mlango ule leo na mara nyingi utakuta ukoko wa kijani na buluu umeota kando ya betri, umetambaa juu ya njia za shaba, na pengine umekwisha kupita kwenye pini za kiunganishi hadi kwenye bodi kuu. Maji ya betri hiyo ni alkali, kwa hiyo hukatwa makali kwa asidi hafifu kama siki, yakasafishwa kwa maji safi, kisha kwa alkoholi ya isopropili ili unyevu usibaki. Mtu akifuta kwa kitambaa tu na kuona pamengʼaa, alkali iliyojificha chini ya chipu itaendelea na kazi yake. Katika Amiga 2000 na Amiga 4000 betri ya namna hiyo imelehemewa kwenye bodi kuu yenyewe, na hapo madhara ni makubwa zaidi kwa sababu hakuna kadi ya kutoa na kutupa.

Kompyuta za Macintosh za mwishoni mwa miaka ya 1980 zina betri ya lithiamu ya volti 3.6, fupi na nene, ambayo inaweza kukaa kimya kwa miaka thelathini kisha ikapasuka. Nimeona bodi ya Macintosh SE/30 ambayo betri yake ilipasuka ndani ya ganda lililofungwa: chuma kilichozunguka kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikatoboka, na miguu ya chipu zilizo karibu ilikatika nilipoigusa kwa brashi laini. Mashine ile haikuwahi kuwashwa katika miaka yake ya mwisho wala haikudondoshwa. Ilihifadhiwa vizuri sana, ndani ya sanduku lake, pamoja na betri yake. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na nia ya kuitengeneza mashine leo wala mwaka ujao, afanye angalau hili moja: aifungue, aitoe betri, aifunge.

Katika mashine za miaka ya 1990 mwanzoni, kama vile Amiga 600 na Amiga 1200 za mwaka 1992, adui mwingine ni kapasita ndogo za kulehemewa juu ya uso wa bodi, ambazo huvuja taratibu bila kuonekana. Fundi huzitambua kwa lehemu iliyofifia na kupoteza mngʼao kwenye miguu yake, na kwa harufu kama ya samaki inayotoka pindi chuma cha kulehemu kinapogusa sehemu ile. Kwa mashine za kundi hili nakubaliana na wanaosema kapasita zote zibadilishwe bila kusubiri dalili. Kwa Commodore 64 na Spectrum sikubaliani na desturi iliyoenea ya kubadilisha kila kapasita kwa mazoea tu. Nyingi kati ya zile kubwa za miguu mirefu bado ni nzima, na kila unapolehemua kitu kwenye bodi ya zamani unahatarisha kungʼoa pete ya shaba iliyoshikilia tundu. Pima kwanza; badilisha kilichochoka.

Nije sasa kwenye diski na kaseti, jambo ambalo mwandishi wenu alilimaliza kwa sentensi moja. Mashine huweza kutengenezwa hata baada ya miaka mingine ishirini. Kilichomo kwenye diski hakingoji hivyo. Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilimwalika msanii Andy Warhol achore kwa kompyuta yake mpya ya Amiga wakati wa kuizindua jijini New York. Michoro aliyoifanya kwenye mashine hiyo ilibaki kwenye diski zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake mjini Pittsburgh, bila mtu kuweza kuifungua, hadi mwaka 2014 ilipotangazwa kwamba wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wamefanikiwa kuisoma. Hawakuzitumbukiza diski hizo kwenye mashine yoyote na kubofya. Walinakili kwanza mawimbi ya sumaku yaliyomo kwenye diski, ndipo wakatumia nakala kutafuta picha, kwa kuwa diski ya zamani inaweza kusomeka mara moja tu.

Njia hiyo leo iko mikononi mwa mtu yeyote mwenye subira. Kuna kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, ambacho mbunifu wake Keir Fraser ametoa michoro yake huru, kinachounganisha kiendesha diski cha zamani na kompyuta ya kisasa na kunakili mawimbi ya diski jinsi yalivyo, makosa yake yakiwamo. Kabla ya kuitia diski popote, izuie isiandikwe: ile kubwa ya inchi 5.25 kwa kuziba pengo la pembeni kwa karatasi ya gundi, na ile ya inchi 3.5 kwa kusogeza kizibo mpaka tundu libaki wazi. Iangalie pia kwenye mwanga. Ukiona madoa ya ukungu juu ya utando wa kahawia, usiizungushe kwanza, kwa sababu kichwa cha kusomea kitakwangua utando pamoja na ukungu, kisha kitaibebea diski inayofuata uchafu uleule. Na usiitumie diski ya pekee yenye programu aliyoiandika marehemu baba yako kupima kama kiendesha diski kinafanya kazi. Naandika hili kwa uchungu, maana nimeshawaona watu wakilifanya.

Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kuzungumza juu ya kuboresha. Wapo wahifadhi wanaosema kompyuta ya zamani isiongezwe kitu, ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Siungani nao. Mashine hizi zilizaliwa zikitarajia kuongezwa. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na nafasi nane za kadi kwa sababu Steve Wozniak alisisitiza ziwemo, na mwenye mashine alitazamiwa kufungua kifuniko kwa mikono yake mitupu. Spectrum ya kilobaiti 16, isipokuwa zile za bodi ya kwanza kabisa, ilikuwa na soketi tupu ndani zikingoja chipu za kuifikisha 48, na nyuma yake meno ya bodi yalitokeza nje ili kifaa chochote kiungwe. Mlango wa chini wa Amiga nimekwisha kuutaja. Kinachonisumbua mimi ni kule kuboresha kusikotenguka: kutoboa ganda, kukata njia za shaba, kungʼoa kilicholehemewa na kukitupa.

Wala hakuna ulazima wa kufanya hivyo. Anayetaka kuachana na diski zinazochakaa anaweza kuiunganishia Commodore 64 kifaa cha SD2IEC kwenye tundu lilelile la kiendesha diski, akapakia programu kutoka kadi ya SD. Kwenye Amiga 500 kifaa cha Gotek huingia mahali pa kiendesha diski cha ndani kwa nyaya zilezile, na kile cha asili hufungwa kwenye mfuko na kuwekwa. Amiga 600 na 1200 zina kiunganishi cha diski kuu ambacho hupokea kadi ya CompactFlash kwa adapta ndogo isiyo na saketi ngumu yoyote. Vyote hivi huondoka vilivyoingia, na mashine hurudi ilivyokuwa kwa bisibisi moja.

Kwenye picha pia makala iliwatisha wasomaji bure kwa kusema lazima bodi ikatwe ili mashine iunganike na televisheni za siku hizi. Commodore 64 nyingi, isipokuwa zile za mwanzo kabisa, tayari zinatoa picha safi, mwanga na rangi vikiwa kwenye pini tofauti, katika tundu lake la nyuma. Kinachohitajika ni waya sahihi. Spectrum hutoa mawimbi ya antena tu, lakini picha isiyopitishwa kwenye mawimbi hayo ipo tayari kwenye mlango wa kisanduku cha bati kinachoigeuza kuwa mawimbi, kilicho pembeni mwa bodi, na fundi huielekeza kwenye soketi ileile ya asili kwa kutengua kiungo kimoja na kulehemu waya mfupi. Ganda halitobolewi, na siku mtu akitaka kurudisha mawimbi ya antena atafanya hivyo kwa dakika chache. Ni kweli kwamba televisheni nyingi mpya huielewa vibaya picha ya mashine hizi, zikiichukulia kuwa ya mistari inayopishana ilhali siyo, hivyo vitu vinavyopepesa kwenye mchezo hupotea au huchanika. Dawa ya hilo ni kifaa cha kubadilisha picha kinachokaa nje ya mashine. Ningependelea zaidi runinga ya chogo iliyo nzima, kama mtu anayo na anayo nafasi ya kuiweka, kwa sababu ndiyo skrini ambayo michoro ile ilichorewa.

Kuhusu vipuri nawatahadharisha wasomaji hasa juu ya chipu ya sauti ya Commodore 64, inayoitwa SID, iliyobuniwa na Bob Yannes. Kwa kuwa haitengenezwi tena na inatafutwa sana, wamejaa wauzaji wanaofuta maandishi ya chipu nyingine na kuchapa namba yake. Tena kuna matoleo mawili, 6581 linalotumia volti 12 na 8580 linalotumia volti 9, na anayeliweka la pili katika bodi ya la kwanza bila kubadilisha umeme ataliua. Zipo chipu mpya zinazoiga SID zenye kuingia kwenye soketi ileile, nami sioni aibu yoyote kuzitumia wakati ile ya asili imekufa. Hali ya vipuri haitarajiwi kuwa rahisi zaidi: hata prosesa ya Z80, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ndiyo moyo wa Spectrum, kampuni ya Zilog ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kuitengeneza na ikapokea maagizo ya mwisho katikati ya mwaka huo.

Hapo ndipo ninapolipinga kwa nguvu zote shauri la kutoa kila kitu na kupachika bodi ya kisasa. Bodi ya Commodore 64 iliyokufa mara nyingi imekufa chipu moja au mbili, na chipu zilizobaki ni hazina kwa mashine nyingine kadhaa. Anayetaka tu kucheza michezo ile kwenye bodi mpya anaweza kununua ganda jipya, kwani maganda ya plastiki yametengenezwa upya kwa kalibu, au akatumia programu ya kuigiza kwenye kompyuta aliyo nayo, ambayo itamtosha kabisa. Kuna njia ya katikati ambayo siichukii: kadi iitwayo PiStorm hukaa kwenye soketi ya prosesa ya Motorola 68000 ndani ya Amiga 500 na kuiachia kazi hiyo Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kisasa, ambayo huifanya kwa kasi kubwa mara nyingi zaidi. Prosesa ya asili hutoka nzima na kurudishwa wakati wowote. Mtu anaweza kubishana nami kama mashine hiyo bado ni Amiga ileile, na hoja yake ina uzito, lakini angalau ubishi huo hauachi tundu kwenye ganda.

Kuhusu rangi ya manjano nitasema kwa ufupi. Plastiki ya ABS iliyotumika ina kemikali za bromini za kuzuia moto, na inadhaniwa kwamba hizo ndizo chanzo kikuu cha kubadilika kwa rangi zinapopigwa na mwanga, joto na hewa kwa miaka. Haidrojeni peroksaidi ikisaidiwa na mionzi ya urujuanimno hurudisha weupe, ni kweli, lakini manjano huweza kurejea hata ganda likiwekwa gizani, na dawa ikipakwa vibaya huacha mabaka ambayo hayatoki tena. Dawa hiyo pia huunguza ngozi na macho, jambo ambalo makala yenu haikulitaja. Mimi huliosha ganda kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vibonye vya kibodi vikiwa vimetolewa, na nikaishia hapo. Kwenye Spectrum nawasihi watu wasiguse kibodi kabla ya kuwa na utando mpya mkononi, kwa sababu mikia miwili ya utando wa asili imekauka kiasi kwamba kuifungua tu mashine kunatosha kuikata. Utando mpya unatengenezwa na ni rahisi kuupata.

Limebaki jambo la kuandika kumbukumbu za matengenezo, na ndilo linalopuuzwa hata na mafundi hodari. Mtu akibadilisha kidhibiti cha umeme, akiweka kapasita mpya, akihamisha njia ya picha, aandike. Karatasi ndogo iwekwe ndani ya ganda, mahali isipogusa kitu chenye joto wala miguu ya chipu, ikiwa na tarehe, namba ya toleo la bodi, kila kipuri kilichotolewa na kilichowekwa, na volti zilizopimwa siku ya kufunga, baridi na baada ya joto. Picha za bodi kabla na baada zihifadhiwe, na vipuri vya asili, hata vilivyokufa, vitiwe kwenye mfuko wenye jina la mashine. Fundi atakayeifungua baadaye hatajua kwa kuangalia tu kama waya fulani uliwekwa na kiwanda, na fundi aliyeitengeneza baadaye, au na kijana aliyekuwa akijifunza kulehemu mwaka 1986. Katika mashine hizi, yote matatu hutokea. Nimepoteza muda mwingi kufuatilia nyaya za namna hiyo, na sehemu kubwa ya muda huo ingeokolewa na mistari minne ya kalamu ya risasi.

Wako,
Fundi na mhifadhi wa kompyuta za zamani, msomaji wa gazeti lako